Siku Yako Mahakama ya Mwanzo: Ukweli Peke Yake Hautoshi

*Ndiyo mahakama iliyo karibu zaidi na mwananchi, na iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Hata hivyo wengi huingia humo bila kujua watakachoulizwa wala watakachotakiwa kuonyesha, na haki yao hupotea kwa kukosa maandalizi.*

Saa mbili asubuhi mlango wa chumba cha mahakama bado umefungwa, lakini benchi la nje limeshajaa. Wapo vijana wawili waliopigana kilabuni, pamoja na ndugu waliokuja kuwawekea dhamana. Ipo familia iliyofiwa, imekaa makundi mawili yasiyosalimiana. Na yupo mama muuza samaki, mkononi ana bahasha ya kaki na simu yenye kioo kilichopasuka.

Asubuhi ya namna hii hujirudia kila siku ya kazi katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania. Tumchukue huyo muuza samaki awe mfano wa wengi. Alimkopesha mwenzake wa sokoni shilingi milioni 2 za mtaji. Walipatana kwa mdomo, mbele ya binti yake na mpagazi mmoja. Sehemu ya fedha alimpa mkononi, nyingine akaituma kwa simu. Siku ya kulipa ilipofika, mwenzake akasema hakukopa kitu: fedha zile zilikuwa malipo ya samaki.

Mama huyu anajua kwamba amedhulumiwa. Asichokijua ni nani ataanza kuzungumza, ujumbe ulio kwenye simu utapokelewa vipi, binti yake anatakiwa kukaa wapi wakati yeye anatoa ushahidi, na atafanya nini hakimu atakapomwambia amuulize mdaiwa maswali. Kesi yake itasimama au kuanguka katika mambo hayo manne.

> Hakimu hakuwepo siku mlipokopeshana. Anachokijua ni kile kinachosemwa na kuonyeshwa mbele yake.

Mahakama ya mtu wa kawaida

Katika enzi za ukoloni, mashauri ya Waafrika wa Tanganyika yalikuwa na mahakama zake, zikiongozwa na machifu, maliwali na maofisa wengine walioteuliwa na utawala. Mkuu wa wilaya alikuwa na sauti juu ya hukumu zao. Mtu yuleyule aliyekusanya kodi na kusimamia amri za serikali aliweza pia kuamua nani ana haki.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilibadilisha mpango huo. Iliunganisha mahakama zote katika ngazi moja inayoanzia Mahakama ya Mwanzo, kupitia Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, hadi Mahakama Kuu. Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 1984, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Inataka kila wilaya iwe na Mahakama ya Mwanzo.

Mpango wake ulikuwa na shabaha moja: mwananchi afike kwa miguu au kwa nauli ndogo, azungumze Kiswahili, aeleze mambo yake mwenyewe na aeleweke. Sheria ya 1984 ilimtaka hakimu aketi na washauri wasiopungua wawili, ambao wengi huwaita wazee wa baraza, ili mila na hali ya mahali zisisahaulike katika uamuzi. Mawakili walizuiwa kuingia.

Mwaka 2021 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini, Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeshakitumia kwa miongo kadhaa. Urahisi huo ndio fahari yake. Lakini unamkabidhi mwananchi kazi ambayo mahali pengine hufanywa na wakili: kupanga hoja, kuleta mashahidi na kuwahoji wa upande wa pili.

Ni kesi gani zinazofika hapa

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya safari, pale mtu anapopeleka shauri mahali pasipo pake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni lililotokana na mkataba, uwe wa maandishi au wa mdomo, mradi kiasi kisizidi shilingi milioni 30. Husikiliza madai ya halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji dhidi ya wanaodaiwa. Husikiliza mashauri ya ndoa, na mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kwa upande wa jinai hupokea makosa kama wizi mdogo, shambulio, lugha ya matusi na kuharibu mali.

Mgogoro wa nani mwenye kiwanja au shamba hauna nafasi hapa. Tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mashauri hayo yana njia yake. Baraza la Kata hufanya usuluhishi, nalo tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu. Pande zikishindwa kupatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mtu anayegundua hilo baada ya miezi ya kuahirishiwa huwa amepoteza nauli, ada na muda wa kazi. Swali la kwanza kwa karani liwe hili: je, shauri langu linasikilizwa hapa?

Kufungua shauri

Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamruhusu mdai kueleza madai yake kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika hana sababu ya kumlipa mtu wa nje amwandikie barua ndefu yenye maneno mazito. Maelezo yake yataandikwa mahakamani.

Maelezo hayo yawe mafupi na kamili. Nani anadaiwa, anaishi wapi, nini kilitokea, lini, wapi, kiasi gani, na unaiomba mahakama iamuru nini. Mtu anayesema tu kwamba fulani amemdhulumu hajadai kitu bado. Anayesema kwamba alimkopesha fulani shilingi milioni 2, kwamba zilipaswa kurudi kabla ya mwezi wa Ramadhani, na kwamba hazijarudi mpaka leo, ameshaipa mahakama jambo la kuamua.

Ada ikilipwa, dai risiti na namba ya shauri, kisha iandike namba hiyo pembeni. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kila unapoulizia jalada lako.

Mdaiwa naye atapelekewa hati ya wito, ambayo wengi bado huiita samansi. Kuikimbia au kukataa kuipokea hakumsaidii. Mahakama ikiridhika kwamba wito ulimfikia na hakutokea, inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Na mdai asipotokea bila taarifa, shauri lake linaweza kufutwa. Mwenye dharura ya kweli, kama ugonjwa au msiba, atume ndugu mapema na uthibitisho wake.

> Kukaa nyumbani si njia ya kuipinga kesi. Anayekataa madai na aende akayakatae mbele ya hakimu.

Kutajwa na kusikilizwa

Tarehe za mahakamani hazifanani. Siku ya kutajwa, shauri huitwa ili ionekane limefikia wapi: mdaiwa amepata wito au la, anakubali madai au anayapinga. Kwa kawaida ushahidi hautolewi siku hiyo. Siku ya kusikilizwa ndiyo ya mashahidi na vielelezo. Anayechanganya siku hizi mbili huwabeba mashahidi wake wote siku ya kutajwa, wakachoka, na siku yenyewe ikifika hana hata mmoja.

Kabla ya kutoka chumbani, sikiliza tarehe inayotajwa na uulize shauri limepangwa kwa ajili gani.

Taratibu za chumbani ni nyepesi. Simu izimwe, kofia ivuliwe isipokuwa vazi la dini, nguo ziwe za heshima. Hakimu anapoingia na anapotoka, wote husimama. Huitwa mheshimiwa. Anayetaka kusema husimama na kuomba nafasi. Wanaotarajiwa kuwa mashahidi hukaa nje mpaka waitwe, ili kila mmoja aseme anachokijua yeye, si alichokisikia kwa mwenzake dakika chache zilizopita. Ndiyo maana binti wa muuza samaki hapaswi kukaa ndani wakati mama yake akitoa ushahidi.

Mdai huanza. Anaapa kwa imani yake, au anathibitisha kwamba atasema kweli. Anaeleza mambo kwa mfuatano wa siku. Anatoa vielelezo vyake, na upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi. Kisha anaulizwa maswali na mdaiwa, na mahakama nayo huuliza. Baada yake huja mashahidi wake, mmoja mmoja. Wakimalizika, zamu ni ya mdaiwa, kwa utaratibu uleule.

Katika madai, kanuni za ushahidi za Mahakama ya Mwanzo, zilizotungwa mwaka 1964, haziitaki mahakama iondoe kila shaka. Inapima ushahidi wa upande gani una uzito zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na mahakamani methali hiyo ina nguvu ya kanuni. Daftari la mauzo, karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu vina uzito ambao machozi hayawezi kuufikia.

Ujumbe wa simu pia unaweza kuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilitambua kumbukumbu za kielektroniki. Usifute ujumbe. Omba taarifa ya miamala, chapisha mazungumzo yanayohusika, na uje na simu yenyewe ili mahakama iweze kulinganisha.

Kuuliza maswali

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hakimu anamwambia mdai amuulize shahidi wa upande wa pili maswali, naye anaanza kulalamika, au anasimulia upya kisa chake, au anamwita mwenzake mwongo. Dakika zinakwisha, na hakuna hata swali moja lililoulizwa.

Swali zuri ni fupi na linabeba jambo moja. Muuza samaki anaweza kuuliza: Je, tarehe ile ulipokea shilingi laki 8 kutoka namba yangu? Je, siku hiyo uliniuzia samaki? Wa aina gani, kilo ngapi? Nani aliwabeba? Umeandika wapi mauzo hayo? Mtu anayedai alilipwa fedha za samaki lakini hawezi kusema ni samaki gani, ameshaonyesha udhaifu wake mwenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kutokaa kimya. Mahakama za juu nchini zimesema mara nyingi kwamba upande usiomhoji shahidi juu ya jambo zito huweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Shahidi akisema alikuona ukipokea fedha, nawe husemi lolote zamu yako inapofika, kukana baadaye katika utetezi wako kutakuwa na nguvu ndogo.

> Zamu ya maswali ndiyo nafasi ya kuupima ushahidi wa mwenzako. Ugomvi huipoteza.

Anayeshtakiwa kwa kosa la jinai

Kwa vijana wawili waliopigana kilabuni mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa uhuru wao umo hatarini. Adhabu ya kifungo inayoweza kutolewa na Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haizidi miezi 12. Hata hivyo miezi hiyo inatosha kumpotezea mtu kazi na kuyumbisha nyumba yake.

Mshtakiwa husomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Jibu la hapo lina uzito kuliko anavyodhani. Wapo wanaokiri ili mambo yaishe waende nyumbani, au kwa kuambiwa barazani kwamba anayekiri husamehewa. Anayekiri hutiwa hatiani papo hapo, na rufaa yake kwa kawaida hubaki kwenye adhabu, au kwenye swali la kama kukiri kwenyewe kulikuwa halali. Asiyelielewa shtaka aombe lielezwe tena. Hilo ni haki yake, na hakimu analijua.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inamhesabu kila anayeshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Katika jinai, uzito wa ushahidi hautoshi: mahakama inapaswa kuridhika bila kubakiwa na shaka ya maana. Shaka ikibaki, mshtakiwa huachiwa.

Dhamana haiuzwi. Wadhamini waje na vitambulisho, hasa cha Taifa, na barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Mdhamini naye ajue anachosaini: mshtakiwa akitoroka, ni yeye atakayeulizwa.

Mlalamikaji ana kazi yake pia. Katika Mahakama ya Mwanzo mara nyingi ndiye anayesimamisha kesi kwa ushahidi wake na wa mashahidi wake. Aliyeandikisha maelezo polisi akakaa akingoja serikali imfanyie kila kitu, ataiona kesi yake ikifutwa.

Mirathi na ndoa

Familia iliyofiwa inakuja kuomba msimamizi wa mirathi ateuliwe. Hapa kuna dhana potofu iliyowaumiza wajane na yatima wengi. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Kanuni zinamtaka alete mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baada ya kugawa anapaswa kuonyesha hesabu zake. Mrithi anayeona miezi inapita bila orodha wala hesabu ana haki ya kurudi mahakamani na kulalamika, wala hahitaji ruhusa ya ukoo.

Jambo la kuangalia mapema ni mamlaka ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi pale inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi ndani ya eneo lake. Familia ya Kikristo ambayo maisha yake hayakufuata mila inaweza kujikuta, miaka mingi baada ya mali kugawanywa, ikiambiwa kwamba mahakama haikuwa na mamlaka.

Katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa na sheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo huambatanishwa na maombi. Wanaoruka hatua hii mara nyingi huambiwa warudi mwanzo.

Mwanamke anayeomba mgawo wa mali aliyoshiriki kuichuma asijione mikono mitupu kwa kuwa hakuwa na mshahara. Katika uamuzi wake mashuhuri wa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Lakini mchango huo lazima uelezwe: ulifanya nini, kwa miaka mingapi, na nyumba au shamba vilipatikana lini.

Temeke, Dar es Salaam, ni mahali ambapo Mahakama ya Tanzania imejaribu kuikusanya huduma hii. Kituo Jumuishi cha hapo, kimoja kati ya vituo sita vilivyozinduliwa mwaka 2021, kinashughulikia mashauri ya familia na mirathi, na ngazi mbalimbali za mahakama zimo chini ya paa moja. Ni hatua kubwa kwa mkazi wa jiji. Mjane wa kijiji cha mbali bado anategemea Mahakama ya Mwanzo ya tarafa yake.

Mawakili waingie?

Hoja inayowagawa watu wa sheria ni nafasi ya wakili katika chumba hiki. Kwa muda mrefu sheria ilimzuia kabisa. Katika madai, mahakama iliweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja na mhusika amsemee. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na wakili akaruhusiwa pale Mahakama ya Mwanzo inapoendeshwa na hakimu mkazi.

Wanaounga mkono wanasema nyakati zimebadilika. Zamani hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hakuhitaji shahada ya sheria, na kumletea wakili kungevuruga usawa wa chumba. Siku hizi mahakimu wenye shahada wamepangwa katika mahakama hizi, na madai yanafika mamilioni ya shilingi. Mtu anayeweza kupoteza sehemu yake katika nyumba ya urithi au uhuru wake kwa mwaka mzima, wanasema, asizuiwe kumtafuta wa kumsemea.

Wanaohofia wana hoja nzito pia. Wakili ana bei. Mwenye fedha akija na wakili na muuza samaki akaja na bahasha yake, usawa uliokusudiwa tangu 1963 unapungua. Wanahofia mapingamizi ya kiufundi na maahirisho katika mahakama ambayo Mahakama ya Tanzania imeiwekea lengo la kumaliza shauri ndani ya miezi 6. Wanakumbusha kwamba ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi.

Pande zote mbili zinasema kweli, na hata hivyo mgogoro wao unamwacha pembeni mtu aliye wengi zaidi: yule asiyeweza kumlipa wakili hata akiruhusiwa. Huyo anahitaji kuelekezwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kumweleza mtu haki zake, kumsaidia kuandaa nyaraka na kumwonyesha njia, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani badala yake. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imepeleka ushauri wa bure mikoani. Haya ndiyo yanayomfikia muuza samaki.

> Wakili akiruhusiwa, mwenye fedha amepata msaada. Utaratibu ukielezwa wazi mlangoni, kila mtu amepata.

Jihadhari na vishoka

Mahali penye watu wasiojua njia hapakosi wa kuwauzia njia. Kando ya mahakama nyingi hupatikana vishoka: watu wasio mawakili wala watumishi wa mahakama, wanaojitambulisha kuwa wanamjua hakimu, wanaoandika nyaraka kwa bei ya juu na kuahidi ushindi. Fedha unayompa kishoka haimfikii hakimu mwadilifu. Na kama kuna hakimu au karani inayemfikia, wewe na yeye mmetenda kosa la jinai.

Anayedaiwa rushwa apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Mwenye malalamiko kuhusu mwenendo wa hakimu anaweza kuyapeleka kwenye kamati za maadili ya maofisa wa mahakama za wilaya na mikoa, zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Lakini atofautishe mambo. Kutoridhika na hukumu ni jambo la rufaa. Lugha chafu, upendeleo au kudai fedha ndilo jambo la maadili.

Baada ya hukumu

Hukumu ikisomwa, siku zinaanza kuhesabika. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu siku ileile kwa maandishi, na usikae kuingoja huku muda ukiisha. Rufaa hupinga makosa ya uamuzi, na kwa kawaida haikupi nafasi ya kuleta upya shahidi uliyemwacha nyumbani.

Aliyeshinda madai naye asidhani kwamba fedha zitamfuata. Mshindwa asipolipa kwa hiari, mshindi anarudi kuomba hukumu ikaziwe, na mali ya mshindwa inaweza kukamatwa na kuuzwa. Sheria humlinda mdaiwa asivuliwe kila kitu: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia na zana za kazi yake hazikamatwi. Mgala muue na haki yake mpe. Na asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo aombe kulipa kwa awamu, badala ya kutoroka mji.

Kabla hujatoka nyumbani

- Hakikisha shauri lako linasikilizwa na mahakama hiyo.
- Andika mambo yako kwa mfuatano wa tarehe, ukurasa mmoja unatosha.
- Beba nyaraka halisi pamoja na nakala zake.
- Zungumza na mashahidi wako mapema, waseme walichoona wenyewe, na usiwafundishe la kusema.
- Andaa maswali matano ya kuuliza upande wa pili.
- Fika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye wito.
- Andika namba ya shauri, tarehe ijayo na sababu yake.

Wajibu wa Mahakama

Mwananchi ana sehemu yake ya maandalizi, lakini mzigo huu si wake peke yake. Mahakama ya Tanzania imeonyesha kwamba inaweza kumfuata mtu alipo: mwaka 2019 ilianzisha mahakama inayotembea, na kila mwaka, kuelekea Siku ya Sheria mwezi Februari, mahakimu na majaji hutoka kwenda kuwaelimisha watu kwenye viwanja na shule. Wiki moja ya elimu ni njema. Kesi hufunguliwa majuma mengine yote.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Kila Mahakama ya Mwanzo ibandike mlangoni, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, ada za kila huduma, aina za mashauri inayosikiliza, hatua za kesi kuanzia wito hadi rufaa, na namba ya kupiga anayeombwa rushwa. Kila hati ya wito iwe na maelezo nyuma yake: uje na nini, mashahidi wako waje lini, usipofika kutatokea nini. Na kila siku ya kazi, kabla shauri la kwanza halijaitwa, mtumishi mmoja asimame mbele ya waliokaa kwenye mabenchi na kuwaeleza utaratibu kwa dakika 15.

Tangu 1963 nchi hii imemwambia mwananchi kwamba anaweza kusimama mbele ya hakimu bila wakili na akapata haki. Ahadi hiyo ni nzuri, na inastahili kulindwa. Itatimia pale anayeshindwa kesi atakapokuwa ameshindwa kwa sababu ushahidi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwenzake, na si kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba siku ile alitakiwa kuja na mashahidi.